Kunde kati ya mahindi: Shamba moja liwezavyo kulisha nyumba na zizi Kwale

IFIKAPO Februari, upepo wa kaskazi ukiwa bado unavuma na mvua za masika zikiwa hazijakaribia, mfugaji wa Kinango au Lunga Lunga huamka na swali moja: mifugo itakula nini leo? Nyasi za malishoni zimegeuka vijiti. Mabua ya mahindi yaliyovunwa Agosti yamekanyagwa, yameliwa na mchwa au yamechomwa moto wakati wa kusafisha shamba. Maziwa yamepungua, ndama wamekonda, na dalali anayepita kijijini anafahamu fika kwamba mwenye ng'ombe hana ubavu wa kukataa bei atakayotajiwa.

Si mbali na hapo, hoteli za Diani na mikahawa ya Ukunda huhitaji maziwa kila asubuhi, na rafu za maduka zimejaa pakiti za maziwa yaliyosindikwa bara. Soko lipo mlangoni. Kinachokosekana, pamoja na mengine, ni chakula cha kumwezesha ng'ombe kuendelea kutoa maziwa katika miezi ya ukame.

Mojawapo ya majibu ya tatizo hili limo katika shamba lilelile la mahindi ambalo mkulima hulilima kila mwaka. Jibu hilo ni kupanda mimea ya jamii ya kunde katikati ya mistari ya nafaka, kisha kuvuna si punje pekee bali pia majani na mashina yake kwa ajili ya mifugo. Kwa maelfu ya wakazi wa Pwani wasio na hatimiliki za ardhi, njia hii ina faida moja zaidi ambayo aghalabu haitajwi katika semina za kilimo, nasi tutaieleza hapa chini.

UKAME SI JAMBO LA KUSHTUKIZA

Kaunti ya Kwale haina hali moja ya hewa. Ukanda wa Diani na Msambweni, ulio karibu na bahari, hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua katika mwaka wa kawaida. Ukivuka milima ya Shimba na kuelekea Kinango na Samburu, mvua hupungua, na katika maeneo makavu kabisa hushuka hata chini ya milimita 700. Lakini pande zote mbili zina kalenda moja: masika kuanzia Machi au Aprili, vuli kuanzia Oktoba, na baada ya hapo kiangazi cha Januari hadi Machi.

Mara nyingine kalenda hiyo huvunjika. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa 2022, maeneo makavu ya Kenya na nchi jirani za Pembe ya Afrika yalishuhudia misimu mitano mfululizo ya mvua haba. Upande wa bara wa Kwale uliguswa na janga hilo, na mifugo ikafa. Mwaka kama huo hauwezi kuokolewa na mistari michache ya kunde. Hata hivyo, kiangazi cha kawaida, kinachorudi kila mwaka kwa tarehe tunazozijua, hakistahili kumkuta mfugaji mikono mitupu.

KWA NINI MABUA PEKEE HAYATOSHI

Wengi wetu tumezoea kumwona ng'ombe akitafuna mabua makavu na kudhani ameshiba. Tumbo lake hakika limejaa, lakini kujaa si kushiba.

Ng'ombe, mbuzi na kondoo hawayeyushi majani kwa nguvu zao wenyewe. Katika tumbo lao kubwa la kwanza mna mabilioni ya vijidudu vinavyochachusha na kuvunjavunja nyuzi za mimea. Vijidudu hivyo navyo vinahitaji chakula, hasa protini. Wataalamu wa lishe ya mifugo wanaeleza kuwa chakula kikiwa na protini chini ya takriban asilimia 7 ya uzito wake mkavu, vijidudu hudhoofika, mabua hukaa tumboni muda mrefu bila kuyeyushwa, na mnyama hupunguza kula ingawa chakula kiko mbele yake.

Mabua makavu ya mahindi huwa na protini ya kati ya asilimia 3 na 5 hivi. Hapo ndipo penye kasoro. Majani na mashina ya kunde yaliyokaushwa vizuri, kwa upande mwingine, huwa na asilimia 12 hadi 18.

Tufanye hesabu ndogo. Ng'ombe wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 250 hula takriban kilo 6 za chakula kikavu kwa siku. Akipewa kilo 6 za mabua yenye protini ya asilimia 4, atapata gramu 240 za protini, yaani asilimia 4, kiwango kilicho chini ya mahitaji ya vijidudu vya tumbo lake. Sasa ondoa kilo 2 za mabua, weka mahali pake kilo 2 za majani makavu ya kunde yenye protini ya asilimia 15. Mabua yatatoa gramu 160, kunde gramu 300; jumla gramu 460. Hiyo ni zaidi kidogo ya asilimia 7.5. Uzito wa chakula ni uleule, ila sasa vijidudu vina nguvu, na hata yale mabua yanayeyushwa vizuri zaidi kuliko yalipokuwa peke yake.

Kwa siku 90 za kiangazi, kilo 2 kwa siku ni kilo 180 kwa ng'ombe mmoja. Hicho si kiasi cha ajabu. Ekari moja ya mahindi na kunde iliyopata mvua ya kutosha inaweza kukitoa.

Ni kweli kwamba chakula hicho hakitamfanya ng'ombe wa kienyeji atoe maziwa kama wa Githunguri au Nandi. Kitamwezesha kushikilia mwili wake, kumnyonyesha ndama na kushika mimba kwa wakati. Ng'ombe wa gredi au chotara, mwenye uzito wa kilo 350 na zaidi, huhitaji takriban kilo 10 za chakula kikavu kwa siku pamoja na lishe ya kuongezea nguvu akiwa anakamuliwa. Kwake yeye kunde hupunguza gharama za chakula cha dukani, wala hazikiondoi kabisa.

KUNDE HUFANYA NINI ARDHINI

Kuchanganya mazao si elimu ngeni Pwani. Wadigo na Waduruma wamepanda kunde, pojo na mbaazi ndani ya mahindi na mtama kwa vizazi vingi. Walioona mchanganyiko huo kuwa vurugu ni baadhi ya mabwana shamba wa enzi ya kikoloni, waliohimiza zao moja katika mistari iliyonyooka. Utafiti wa miongo iliyofuata umewapa haki wazee kwa kiasi kikubwa.

Mizizi ya mimea ya jamii ya kunde hubeba vinundu vidogo ambamo huishi bakteria wenye uwezo wa kuchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa mbolea ambayo mmea unaweza kuitumia. Ukiing'oa kunde changa na kukikata kinundu kwa ukucha, ukaona ndani yake rangi nyekundu au ya waridi, basi jua bakteria hao wako kazini. Kikiwa cheupe au cha kijani, kazi haifanyiki.

Kwa kuwa kunde hujitafutia naitrojeni yake, hazing'ang'anii sana ile iliyomo ardhini, na mahindi hubaki na fungu lake. Isitoshe, majani yake hufunika udongo, yakazuia jua kali, magugu na mmomonyoko, jambo lenye uzito katika ardhi ya kichanga ya ukanda wa Msambweni ambayo haishiki maji wala rutuba kwa muda mrefu.

Faida hiyo hupimwa hivi. Tuseme ekari ya mahindi peke yake ingetoa magunia 10, na ekari ya kunde peke yake magunia 4. Ukizichanganya, ukapata magunia 8 ya mahindi na 2 ya kunde, utakuwa umepata sehemu nane kwa kumi za zao la kwanza na nusu ya zao la pili. Ungetaka kupata mavuno hayohayo kwa kuyatenganisha mazao, ungelazimika kulima ekari 1.3. Mahindi yamepungua, hilo lazima lisemwe wazi, lakini ardhi imefanya kazi zaidi.

Kuna tahadhari ambayo wahamasishaji wengi huiruka. Ukiichukua mimea yote ya kunde kuipeleka zizini, umechukua pia sehemu kubwa ya naitrojeni iliyotengenezwa. Rutuba hairudi kwa miujiza. Hurudi kwa njia ya samadi. Mfugaji anayelisha kunde na kuacha samadi irundikane zizini mwaka hadi mwaka anakopa shambani bila kulipa.

MIMEA IPI ICHANGANYWE

Kunde ndizo zinazojulikana zaidi. Kuna aina zilizochaguliwa kwa ajili ya kutoa mboga na punje kwa pamoja, zikiwemo K80 na M66, zinazotokana na utafiti wa Katumani, Machakos. Aina zinazotambaa hutoa majani mengi kuliko zile zinazosimama. Mkulima anayetafuta chakula cha mifugo asichague mbegu kwa kuangalia punje pekee.

Fiwi, ambazo wengi huziita njahi, zina sifa ya kipekee: mizizi yake huenda chini sana, hivyo hubaki na majani mabichi wiki kadhaa baada ya mvua kukoma na mahindi kukauka. Lakini hupanda juu ya mahindi na kuyalemea zikipandwa mapema mno.

Mbaazi hukua polepole mwanzoni, hazisumbui mahindi, na baada ya mavuno hubaki zimesimama. Majani yake na maganda ya punje huliwa vizuri na mbuzi.

Katika maeneo makavu ya Kinango na Samburu, mtama unaweza kuchukua nafasi ya mahindi, kwani huvumilia kiu zaidi na mabua yake hubaki na ubichi kwa muda mrefu.

Kwa mkulima aliye na ardhi ya kudumu, zipo njia nyingine. Kuanzia mwaka 1980, Mradi wa Kitaifa wa Maendeleo ya Maziwa, uliosaidiwa na Uholanzi, ulihimiza ufugaji wa ng'ombe ndani ya banda na upandaji wa nyasi za nepia, na ukafika hadi Kwale na Kilifi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, watafiti wa kituo cha Mtwapa, kilichokuwa wakati huo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo ya Kenya (KARI) na ambacho sasa kiko chini ya KALRO, walishirikiana na wenzao wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo kutafuta mimea ya kunde ya kufuatana na nepia hizo.

Walianza kwa matumaini makubwa na lusina, mti wenye majani yenye protini nyingi. Lakini mwaka 1992 mdudu mdogo anayefyonza utomvu wa lusina aliingia nchini kupitia Pwani na kuidhoofisha miti hiyo. Hapo ndipo thamani ya mimea mingine ilipoonekana, ikiwemo glirisidia na klitoria. Klitoria ni mmea unaotambaa, wenye maua ya buluu, ambao baadhi ya watu huupanda uani kama pambo. Hupandwa kati ya mistari ya nepia, hukatwa pamoja nayo, na huishi miaka kadhaa. Mbegu zake zina ganda gumu; hukwaruzwa kwa msasa au hulowekwa katika maji ya moto kabla ya kupandwa.

SUALA LA ARDHI

Hapa ndipo lile jambo tulilolitaja mwanzo linapoingia. Nepia, lusina, glirisidia na klitoria ni mimea ya kudumu. Mwenye kuipanda anajitangaza kuwa yupo na ataendelea kuwepo.

Katika Pwani ya Kenya, kupanda mti ni kauli ya kisheria na kijamii. Kwa muda mrefu mnazi umeweza kuwa na mwenyewe na ardhi uliposimama ikawa na mwenyewe mwingine. Tangu Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, iliyowapa watu wachache hatimiliki za sehemu kubwa za ukanda wa mwambao, familia nyingi zimejikuta zikiishi na kulima katika ardhi ambayo karatasi zake ziko mikononi mwa watu wasioishi humo. Familia hizo huitwa maskwota, hata pale ambapo makaburi ya mababu zao yamo humohumo. Mara nyingi wenye hati huwaruhusu kulima mahindi na muhogo, lakini huwakataza kupanda miti na mimea ya kudumu kwa kuhofia madai ya fidia.

Mtu wa namna hiyo akiambiwa apande robo ekari ya nepia na ua la lusina, ushauri huo kwake hautekelezeki hata ukiwa mzuri namna gani. Kunde na fiwi, kinyume chake, hupandwa na kuvunwa ndani ya msimu mmoja. Hazimdai mkulima hatimiliki, hazimwogopeshi mwenye hati, na akihamishwa kesho hatakuwa ameacha nyuma mtaji wa miaka mitano. Ndiyo maana mseto wa nafaka na kunde haupaswi kuhesabiwa kuwa hatua ya chini ya kuelekea kwenye nepia. Kwa wakulima wengi wa kusini mwa Pwani ndiyo njia pekee iliyo wazi kwa leo.

Haimaanishi kwamba kunde zitafuta dhuluma ya ardhi. Suala hilo linabaki pale pale, na utatuzi wake uko mikononi mwa serikali, si mwa mkulima na jembe lake.

WAKATI NA NAFASI

Wanaoshindwa katika kilimo hiki mara nyingi hushindwa kwa sababu mbili: kupanda kunde wakati usiofaa na kuzibana mno.

Njia rahisi ni kuweka mistari ya mahindi sentimita 90 kutoka mmoja hadi mwingine, na sentimita 30 kati ya shina na shina. Mstari mmoja wa kunde hupita katikati, mashimo yakiwa sentimita 20 hadi 30, mbegu mbili kwa shimo. Kunde zinaweza kupandwa pamoja na mahindi ikiwa mvua ni ya kutosha, au wiki mbili baadaye, wakati wa palizi ya kwanza. Fiwi zisubiri hadi mahindi yafike magotini, yapata wiki nne, ili zisiyapande mapema.

Kuna mpangilio mwingine uliobuniwa magharibi mwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kupewa jina la MBILI. Mistari miwili ya mahindi husogezwa hadi ikaribiane kwa sentimita 50, kisha huachwa mwanya wa mita moja ambamo hupandwa mistari miwili ya kunde. Idadi ya mahindi haipungui ikilinganishwa na mistari ya sentimita 75, kwa kuwa mistari miwili imechukua mita moja na nusu kama kawaida. Tofauti ni kwamba kunde hupata jua zaidi.

Wadudu nao wana sehemu yao. Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ekolojia ya Wadudu, icipe, chenye kituo cha utafiti wa nyanjani huko Muhaka, Kwale, kimeshughulika kwa miaka mingi na viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi Pwani. Mwaka 1993 kilianza kuachilia katika mashamba ya ukanda huu nyigu mdogo, Cotesia flavipes, anayetaga mayai ndani ya viwavi hao na kuwaua. Kwa upande wa magharibi, huko Mbita kando ya Ziwa Victoria, kituo hichohicho kilishiriki kubuni mbinu ya vuta-sukuma: desmodi, mmea wa jamii ya kunde, hupandwa kati ya mahindi na harufu yake huwafukuza nondo, huku nyasi za pembezoni zikiwavuta. Desmodi na nyasi hizo zote ni chakula cha mifugo. Tangu viwavijeshi vamizi walipoingia Kenya mwaka 2017, mbinu hiyo imeonekana kuwapunguza pia. Desmodi hupenda unyevu na hudumu kwa miaka, kwa hiyo inamfaa zaidi mkulima wa sehemu zenye mvua nyingi kama Shimba Hills, mwenye uhakika wa ardhi yake.

SUFURIA NA HORI

Katika nyumba nyingi za Kwale, mboga ya kunde ni kazi na haki ya mama wa nyumba, ilhali ng'ombe huhesabiwa kuwa mali ya baba. Mzee akikata kunde zote kwa ajili ya ng'ombe, mboga ya jioni imekwenda. Mama akichuma majani yote machanga, hori litabaki tupu na punje zitakuwa chache.

Maafikiano yanawezekana. Majani machanga huchumwa kwa ajili ya sufuria kuanzia wiki ya tatu au ya nne hadi mimea inapokaribia kutoa maua, bila kukata ncha zote. Kuanzia hapo mimea huachwa izae. Maganda yakikauka huvunwa punje, na mashina yenye majani yaliyobaki hung'olewa yakiwa bado na ubichi kiasi. Anayetaka malisho zaidi ya punje anaweza kutenga mistari kadhaa na kuikata wakati maganda ya kwanza yanapojaa, kwani ndipo majani huwa mengi na bora. Uamuzi huo ufanywe na wote wawili kabla ya kupanda, sio siku ya kuvuna.

Ipo pia desturi ya kijiji. Mara nyingi shamba likishavunwa huwa kama la wote, na mifugo ya jirani huingia bila ruhusa wala ugomvi. Anayeacha kunde zake shambani akitumaini kuzirudia wiki ijayo atakuta zimekwishalishwa ng'ombe wa wengine. Chakula hiki sharti kihamishwe nyumbani siku za mavuno.

AKIBA HUOZA ISIPOKAUSHWA

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa malisho, methali hiyo ina sharti: yakaushwe kwanza. Mavuno ya masika hufika Julai na Agosti, wakati hewa ya mwambao ingali na unyevunyevu na manyunyu hayajakoma.

Kunde zianikwe kivulini au katika jua dogo, juu ya kichanja kilichoinuka kutoka ardhini, zikigeuzwa kila siku. Jua kali hukausha majani upesi yakapukutika, na majani ndiyo yenye protini. Mashina matupu hayana tofauti kubwa na mabua. Zikiwa tayari, shina hukatika kwa mlio likikunjwa, lakini majani hayajawa unga.

Kufunga marobota hakuhitaji trekta. Sanduku la mbao lisilo na kitako wala kifuniko, lenye urefu wa sentimita 85, upana wa 55 na kina cha 45, linatosha. Kamba mbili hutandazwa ndani, malisho hushindiliwa kwa miguu, kamba hufungwa, sanduku hutolewa. Robota moja huwa na uzito wa kilo 15 hadi 20 hivi. Kwa zile kilo 180 tulizozihesabu, marobota kumi hivi yanatosha ng'ombe mmoja kwa kiangazi kizima. Yapangwe chini ya paa, juu ya magogo, mbali na ukuta, ili mchwa na unyevu visiyafikie.

Mabua nayo yakatwe mapema baada ya kuvuna, yasiachwe kusimama hadi yageuke kuni. Yakikatwakatwa vipande vidogo kwa panga au mashine na kuchanganywa na kunde, ng'ombe hayabagui.

YA KUHADHARI

Kunde mbichi zenye umande, zikiliwa kwa wingi na mnyama mwenye njaa, huweza kuvimbisha tumbo hadi kumuua. Zinyaushwe kwa saa kadhaa, na mnyama apewe kwanza nyasi kavu au mabua.

Mtama mchanga, au uliochipuka tena baada ya kukatwa, huwa na sayanidi, sumu ya aina ileile iliyomo katika muhogo mchungu. Usilishwe mifugo kabla haujakomaa.

Lusina isizidi takriban theluthi moja ya chakula cha siku, kwa kuwa ina kemikali inayodhuru mnyama ikizidi.

Malisho yenye ukungu yatupwe. Ukungu huweza kuwa na sumu ya aflatoksini, ambayo hupenya hadi kwenye maziwa. Wakenya hawajasahau mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yalipoua watu 125, wengi wao wakiwa wakazi wa Makueni na Kitui.

Shamba lililopigwa dawa ya viwavijeshi lisivunwe malisho hadi zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa.

Mwisho, lishe si chanjo. Katika maeneo yanayopakana na msitu wa Shimba Hills mbung'o bado ni tishio, na kupe wanaoeneza ndigana wapo kote Pwani. Ng'ombe aliyeshiba huvumilia zaidi, lakini bado anahitaji dawa ya kuogeshea na daktari wa mifugo.

KWA KUANZIA

Mkulima anayetaka kujaribu hana haja ya kubadili shamba zima. Atenge robo ekari msimu wa masika, apande kunde katika mistari yake, kisha ahesabu mambo matatu: magunia ya mahindi, debe za kunde, na marobota yaliyoingia bandani. Robo iliyo jirani aiache na mahindi matupu ili apate cha kulinganisha. Hesabu yake mwenyewe itamshawishi kuliko makala ya gazeti.

Februari itafika tena, pamoja na kaskazi yake na dalali wake. Mwenye marobota kumi chini ya paa ataweza kumwambia dalali arudi baada ya masika.